Anza na Tangi, Mpwa Wangu

Turbo yako nimeiona, mpwa wangu. Nimeizungusha kwa kidole, nimeutikisa mhimili wake juu na chini, nimenusa tundu linalopitisha oili. Haina ubaya. Aliyekuuzia hakukuibia, na kwa mjini hapa hilo peke yake ni jambo la kumshukuru Mungu. Sasa izibe matundu kwa kitambaa safi vumbi lisiingie, iweke juu ya kabati, kisha uje ukae. Maneno niliyo nayo si mapya. Nimekwisha kuwaambia wengine kabla yako, na baadhi yao leo wanapita Kikula kwa miguu.

Kwanza ujue kwamba sikukatazi. Mama yako amenituma nikukataze, lakini mama yako haendeshi barabara ya Lubumbashi. Mimi nimeiendesha, najua unachokitafuta. Toyota IST yako ilitoka Japani, ikateremshwa melini Dar es Salaam, ikapita Tunduma, ikavuka Zambia nzima hadi Kasumbalesa. Usukani wake uko kulia, nasi Kongo tunashika mkono wa kulia wa barabara. Ukiwa nyuma ya lori lililojaa kathodi za shaba, linatambaa mlimani na nyuma yako kuna tangi la asidi linalokusukuma, huwezi kuona mbele mpaka utoe nusu ya gari upande wa wenzio. Ukishatoka, unataka gari liende. Na gari haliendi.

Haliendi kwa sababu tunakaa juu. Likasi iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kule Dar es Salaam hewa inakandamiza kwa bar 1 na kidogo. Hapa kwetu ni kama bar 0.87. Injini yako ya lita moja na nusu, ambayo vitabu vya Toyota vinaipa farasi 109, hapa imekwisha kupoteza zaidi ya sehemu moja ya nane ya pumzi yake kabla hujawasha. Kwa hiyo unaponiambia unataka turbo ndogo, ya kusukuma bar 0.4 tu, sikuoni mjinga. Bar 0.4 juu ya 0.87 ni 1.27. Hiyo ni hewa ya pwani pamoja na robo yake. Kwa kupita lori inatosha, na zaidi ya hapo ni majivuno.

Neno langu ni hili, na hata ukisahau mengine yote ubaki nalo: turbo ifungwe mwisho. Kazi inaanzia kwenye tangi, inafuata njia ya esanse, hiyo petroli, hatua kwa hatua mpaka ncha ya injekta, na ukishajua kwa kupima kwamba esanse itakayohitajika ipo, ndipo unaleta hewa. Vijana wenzako wanaanza na turbo kwa sababu turbo inaonekana. Boneti likifunguliwa mbele ya marafiki, nani atasifu pampu iliyozama ndani ya tangi?

Kosa hilo lina asili yake, na si ujinga wao. Mafundi wa mji huu walilelewa na kampuni ya migodi. Tulijifunza katika karakana kuu za Panda, enzi za Gécamines, na waliotutangulia walijifunza chini ya Union Minière. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipopewa mkono wa kwaheri, mafundi wengi waliondoka na ufunguo mkononi, wakafungua garaji chini ya miembe. Walikuwa wakijua turbo vizuri, mtu asikudanganye. Ila turbo waliyoijua ni ya mashine za mazutu: malori ya mgodi, majenereta, kompresa. Wakawafundisha vijana wao, na vijana wakakufundisha wewe. Hapo ndipo mtego ulipo.

Injini ya mazutu, hiyo dizeli, haihesabu hewa. Inavuta hewa yote inayoweza, siku zote imezidi, na nguvu unaipunguza au kuiongeza kwa kiasi cha mazutu peke yake. Ukiifungia turbo bila kugusa pampu, haitaumia; itatoa moshi mdogo zaidi na joto lake litapungua. Hewa nyingi kwake ni ubaridi. Fundi wa lori amekulia katika imani hiyo, na kwa lori imani yake ni ya kweli.

Esanse ni kinyume. Kilo moja ya esanse inataka hewa kilo 14.7 iungue yote bila kubakisha kitu. Injini ikibanwa na turbo, hata kipimo hicho ni hatari, unatakiwa kushuka mpaka 12, wengine 11.5, maana ile esanse ya ziada inapogeuka mvuke inapoza chumba cha moto. Ukisukuma hewa bila kuongeza esanse, umefanya kama mtu anayemwaga unga wa bukari sufuriani wakati maji yamekwisha: juu anaona unapanda, chini unaungua. Moto unakuwa mkali, unawaka kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga, ukuta wa pistoni kati ya ringi mbili unavunjika, au kichwa cha pistoni kinatoboka. Na hutapewa onyo refu. Lori likikosewa linatoa moshi mweusi wiki nzima na kila mtu njiani anakucheka. Gari la esanse linakwenda vizuri kuliko siku zote, linakupa raha, halafu linanyamaza. Sitakutolea ile methali ya mkuu na guu. Guu siku hizi hospitali inaliunga. Pistoni iliyotoboka haiungwi.

Uliniambia juzi kwamba Toyota wenyewe walishinda Safari Rally na turbo. Ni kweli, na mimi nilikuwa nafuatilia redioni: Celica ya Björn Waldegård mwaka 1984, Juha Kankkunen mwaka 1985, Waldegård tena 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan. Lakini angalia gari la turbo ambalo kiwanda hicho kilimuuzia mtu wa kawaida, lile Starlet dogo la GT lenye injini ya 4E-FTE. Lita 1.3 tu, farasi 135. Uwiano wa mgandamizo wake ni 8.2 kwa moja. Wako ni 10.5. Kiwanda kilishusha mgandamizo makusudi, kikaweka injekta kubwa, kikaandika programu ya kompyuta upya. Wewe utabaki na pistoni zako za 10.5. Maana yake nafasi ya kukosea uliyo nayo ni nyembamba kuliko ya mwenye Starlet, na esanse ndiyo inayoilinda nafasi hiyo.

Si wewe wa kwanza kutamani turbo ndogo juu ya mgandamizo mkubwa. Mwaka 1962 Wamarekani wa Oldsmobile walitoa gari liitwalo Jetfire, miongoni mwa magari ya kwanza kabisa ya abiria kuuzwa na turbo. V8 ya lita 3.5, mgandamizo 10.25 kwa moja, turbo ikisukuma kama bar 0.34. Mipango ile ile uliyonichorea kwenye daftari. Wahandisi wale walijua injini itagonga, basi wakaweka chombo cha maji yaliyochanganywa na spiriti ya methanoli, yakinyunyizwa ndani wakati turbo inasukuma. Mwenye gari alitakiwa kukijaza chombo hicho. Wakasahau. Chombo kikikauka, mtambo ulijibana wenyewe, gari likawa zito, watu wakalalamika, na turbo nyingi zikaishia kung'olewa. Gari lilitengenezwa na watu wenye akili, likashindwa na watu wenye haraka. Hebu lifikirie hilo ukiwa umelala.

Sasa shika kalamu.

Tuseme unataka farasi 140, usinitajie zaidi. Injini ya esanse yenye turbo inakunywa takriban sentimita za ujazo 6 kwa dakika kwa kila farasi mmoja. Mara 140, ni 840. Gawa kwa silinda nne: 210. Lakini injekta haitakiwi kukaa wazi muda wote. Ikifika asilimia 80 ya muda wake, ihesabu imekwisha. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko mzima wa kazi ya silinda ni sekunde ishirini za elfu. Injekta ina kumi na sita tu. Basi 210 gawa kwa 0.8, unapata kama 262. Injekta za kiwandani za IST hazifiki hapo. Unahitaji za sentimita za ujazo 265 hadi 300 kwa dakika zilizopimwa kwa presha ya bar 3, na uache kabisa zile za 550 alizokuonyesha yule kijana. Injekta kubwa kupita kiasi haiwezi kutoa tone dogo sawasawa; gari litatikisika likiwa limesimama, na buji zitalowa kila asubuhi ya baridi mwezi wa Juni.

Kuna watakaokuambia usibadilishe injekta, upandishe presha tu. Waulize kama wanajua hesabu ya kipeo. Injekta ikiongezewa presha haiongezi esanse kwa kiasi hicho hicho. Ukitaka itoe mara moja na nusu, presha ipande mara mbili na robo: kutoka bar 3.2 mpaka zaidi ya 7. Pampu yako itakufa, hosi zitapasuka. Kupandisha presha kidogo ni marekebisho, lakini si dawa.

Na hapo kwenye presha kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. IST haina bomba la kurudisha esanse tangini. Kirekebisha presha kimo humo humo tangini, kinashika kama bar 3.2 siku zote, kikipima dhidi ya hewa ya nje. Injekta nayo inamwaga ndani ya njia ya hewa, na turbo ikianza kazi, njia hiyo ina bar 0.4 inayosukuma kinyume. Kilichobaki cha kusukuma esanse ni 2.8. Mtiririko unapungua kwa kama asilimia 6, na unapungua wakati ule ule injini inapodai zaidi. Kwa turbo ndogo kama yako jambo hili linaweza kurekebishwa kwenye programu, ukilijua. Wenye subira wanaweka kirekebisha kingine mbele, chenye mpira mdogo uliounganishwa na njia ya hewa, kikipandisha presha bar kwa bar, pamoja na bomba la kurudi. Mimi ningefanya hivyo, lakini mimi ni mzee na sina haraka ya kwenda popote.

Sasa pampu. Hapa nataka unisikilize kuliko pengine pote.

840 kwa dakika ni lita 50 kwa saa. Si nyingi! Pampu ya kiwandani ikiwa mpya inazimudu. Kwa hiyo yule anayekuambia ununue pampu ya lita 255 kwa saa, mwambie asante. Ukiitia pampu kubwa hivyo kwenye kirekebisha kidogo cha tangini, esanse haipati pa kupita, presha inapanda yenyewe, gari linakunywa hovyo na esanse inapata moto kwa kuzungushwa. Shida yako ni nyingine: pampu yako si mpya. Imefanya kazi Japani, imefanya kazi hapa, na hapa imekunywa vitu ambavyo nitakuja kuvitaja. Kwa hiyo usiulize imeandikwa lita ngapi. Ipime.

Toa gari nje, si ndani ya garaji, mbali na jiko la mama yeyote. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na mwenye sigara aende kwa jirani. Funga manometa na valvu ndogo kwenye bomba la esanse, washa pampu peke yake kwa waya, banabana valvu mpaka manometa isome bar 3 na nusu, kisha elekeza esanse kwenye chombo chenye alama huku mwenzako ameshika saa. Nusu lita lazima ijae kabla ya sekunde 28. Ikijaa, una lita 64 kwa saa na akiba ya kutosha. Ikichukua sekunde 40, hiyo turbo ibaki juu ya kabati mpaka ununue pampu nyingine. Usipime bomba likiwa wazi bila presha; bomba wazi kila pampu ni shujaa.

Na kabla hujaihukumu pampu, pima umeme wake. Weka mita kwenye kiungo cha pampu chenyewe, siyo kwenye betri, injini ikiunguruma na taa zimewashwa. Nimekuta magari yenye 13.8 kwenye betri na 11 na kitu kwenye pampu, kwa sababu waya wa kiwandani ni mwembamba, umepita chini ya zulia miaka yote hiyo, na kiungo kimeota kutu ya kijani. Pampu ya namna hiyo inazunguka kama mgonjwa, na wenyewe wanaitupa, wanafunga nyingine kwenye waya ule ule. Vuta waya mnene kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu na betri kabisa, upitishe kwenye rele. Ule waya wa zamani usiutupe: uache uwe ndio unaoamuru rele. Hivyo kompyuta ikiona injini imezimika, inazima na pampu. Kuna wanaounganisha pampu moja kwa moja na swichi. Gari likipinduka Kapolowe, wao wamezimia, pampu inaendelea kumwaga esanse. Hilo sitaki kulisikia kwako.

Hosi nazo: hosi ya kabureta haishiki bar 3, na hosi ya kawaida ya injekta haivumilii kuzamishwa. Ile inayokaa ndani ya tangi ni aina yake, inaandikwa hivyo. Ukikosa, subiri.

Sasa vile vitu ambavyo pampu imekunywa. Makadhafi wetu, wauza esanse wa kando ya barabara, ni watu maskini wanaotafuta chakula, siwatukani. Siku stesheni zikikauka wao ndio wanaotuvusha. Lakini bidoni ile imepita mikono mingapi? Kuna anayeongeza mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi kuliko esanse. Injini ya kawaida inavumilia, inalalamika kidogo. Injini ya turbo haivumilii, maana mafuta ya taa yanawaka kabla ya kuambiwa, na kugonga kunaanza hata kama hesabu zako zote ni sahihi. Tembea na karatasi nyeupe garini. Dondosha matone mawili, pepea, subiri. Esanse safi inaruka yote na karatasi inabaki ilivyokuwa. Ikibaki duara lenye mafuta, mshukuru mwenye bidoni kwa heshima na uondoke. Na majira ya mvua, kuanzia Novemba, ogopa maji. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini, na pampu inanyonya chini.

Halafu kuna tabia yako ya lita tano tano. Naijua, si ukosefu wa akili, ni mfuko. Lakini pampu inapozwa na esanse inayoizunguka, na tangi likiwa karibu kukauka, ukikata kona huku umekanyaga, esanse inakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa kwa nusu sekunde. Bila turbo, gari lingekwama kidogo likaendelea. Ukiwa na bar 0.4 nyuma yako, nusu sekunde hiyo ndiyo inayotoboa pistoni. Taa ya njano ikiwaka, turbo umeisahau: guu jepesi mpaka ujaze. Kama huwezi kuweka robo ya tangi siku zote, basi mjomba wako anakuomba, kwa upole, uuze hiyo turbo.

Ukipata injekta, hata za gari lililokatwa, chukua mita upime ukinzani wake kabla hujalipa. Za kwako ni za omu 12 hadi 16. Kuna nyingine za omu 2 au 3. Ukizifunga bila vifaa vyake, zinaichoma kompyuta ya gari. Kisha usiamini kwamba nne zilizotoka injini moja ni sawa. Zisafishe, zipange juu ya chupa nne nyembamba za kioo, zifungue zote kwa muda mmoja na utazame. Wengine hupuuza kwa kuwa tofauti ni kidogo, chupa tatu zimejaa na ya nne imepungukiwa kwa upana wa ukucha. Ukucha huo ndio silinda itakayokufa. Kifaa cha kupimia moshi kwenye ekzosi kinasoma wastani wa zote nne; kitakuambia 12, vizuri sana, nawe utafurahi, kumbe tatu ziko 11.7 na moja iko 13. Zikitofautiana zaidi ya sehemu tano kwa mia, endelea kutafuta.

Kompyuta sitakufundisha, ni kazi ya vijana wenye kebo na laptopu, na wapo Lubumbashi. Utakayempata mwambie tu mambo matatu. Ajue ukubwa wa injekta mpya na aziandike, asiiache kompyuta ijisahihishe kwa kubahatisha. Na aurudishe moto nyuma wakati turbo inasukuma, hata kama gari litapungua utamu kidogo. Asifanye kazi bila kifaa kile cha kupima moshi, kile chenye kusoma upana wote; kihisi cha kiwandani kinajua 14.7 peke yake, kando ya hapo ni kipofu. Na siku ukiuza gari kwa mtu wa mahali pa chini, mwambie. Turbo inahesabu bar 0.4 juu ya hewa inayoikuta: hapa inafika 1.27, lakini ufukweni itafika 1.41. Ni hewa zaidi kwa asilimia 11 ambayo hukuipangia esanse.

Najua unahesabu fedha kimya kimya. Pampu, waya, rele, hosi, injekta, kijana wa laptopu. Umeona vimezidi bei ya turbo mara ngapi. Ndiyo. Ndivyo ilivyo, na hakuna njia ya mkato niliyokuficha. Fanya kimoja kila unapopata. Pampu na waya vifunge hata mwezi huu. Gari litakushukuru hata bila turbo. Injekta zifuate. Turbo haiozi juu ya kabati.

Siku ukimaliza yote na kuifunga, usikimbilie Lubumbashi kuwaonyesha watu. Nenda upande wa Kambove asubuhi, barabara ikiwa tulivu. Buji ziwe mpya. Panda mlima mmoja kwa gia ya tatu, ukanyage mpaka mwisho kwa muda mfupi, kisha zima injini pale pale huku gia iko huru, simama kando, usirudi kwa mwendo wa polepole maana utazifuta alama. Subiri buji zipoe, uzitoe. Kauri ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, tutakunywa chai. Ikiwa nyeupe kupindukia, esanse haitoshi. Na ukitazama kwa lenzi ukaona juu ya kauri vidoa vidogo vyeusi na katikati yake vipunje vinavyong'aa, hiyo ni alumini ya pistoni, usiliwashe tena gari hilo, litafutie lori la kulivuta. Vyovyote iwavyo niletee zote nne, kila moja na namba ya silinda yake, na usizifute.